Bi Muhuri na Mbio Zisizoisha

Mtaani kwetu binti yangu wa pili haitwi jina lake. Anaitwa Bi Muhuri. Watoto wakimwona anakata kona na ule mkoba wake wa kahawia, huficha simu mgongoni na kutazama mawingu, utadhani kapita askari. Wanamwonea bure. Tangu azaliwe hajamnyang'anya mtoto hata kifuniko cha soda. Kazi yake ni kukaa kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili, kucheza michezo ya video tangu asubuhi hadi jioni, na kuamua upi unamfaa mtoto wa umri gani. Akishaamua, anaupigia muhuri. Mihuri yenyewe ni minne: Wote, Saba, Kumi na Mbili, na Kumi na Nane. Imetundikwa kwenye kigingi cha mbao karibu na mkono wake wa kulia, kama vijiko vya jikoni.

Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita. Haya ananiandikia mjukuu, na nimemkataza kunisahihisha.

Bi Muhuri ni mtu wa taratibu. Tumboni alikaa wiki tatu zaidi ya wenzake, na mkunga aliponiuliza kulikoni nilimjibu kwamba mtoto bado anafikiria. Ukimpa chungwa, atalizungusha mpaka alijue pande zote ndipo alimenye. Na alipoanza kusoma, akiwa na miaka sita, akawa macho yangu. Zahanati, yeye ndiye aliyejua tuingie mlango upi. Barua, yeye. Dawa, yeye. Siku moja alichelewa kurudi kutoka shuleni, na baba yake mgongo unamuuma, nikaona nisisubiri. Nikachukua kikopo cha mafuta ya kuchulia, nikamsugua marehemu kuanzia mabega hadi kiunoni. Mtoto akaingia, akasoma kikopo, akasema taratibu, "Mama, hii ni rangi ya viatu." Marehemu aling'aa wiki nzima. Alikuwa akipita kwenye ukumbi, watu wanajitazama mgongoni mwake na kuchana nywele.

Basi huyo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuwaamulia watoto wa watu. Kazi yenyewe aliipenda kama mtu anavyopenda dirisha lake. Lakini mwaka ule alikuwa amekalia kuti kavu. Ulikuja mchezo wa kuvua samaki, mchezo mpole hauna hata kelele, yeye akaunyima muhuri wa Wote. Mkuu wake akamuuliza sababu. Akajibu kwamba samaki akitolewa majini anamtazama mchezaji. Waliotengeneza mchezo walilalamika kwa barua ya kurasa sita, Mkuu akaomba radhi, kisha akamwita binti yangu na kumwambia, "Dada, mimi nataka ushahidi, sitaki huruma. Ukiniletea tena samaki wa kutazamatazama, nakupeleka stoo ukapange maboksi."

Stoo ya ofisi ile haina dirisha. Nimeiona.

Sasa, Ijumaa moja ukaja mchezo wa mbio za magari. Mkuu alikwisha kuutazama kwa nje, akauona una vigari vya rangirangi vinavyocheka. "Huu ni wa Wote," akasema. "Jumatatu asubuhi niukute umepigwa muhuri." Binti yangu akauleta nyumbani ndani ya mkoba, na fomu yake.

Jumamosi nzima alicheza peke yake sebuleni, miwani imemshuka puani. Anavyocheza mbio ni kichekesho: anasimama kwenye taa, anawapisha wenzake, na akimgonga mtu hugeuka kumwangalia kama kaumia. Jioni akajaza fomu kwa kalamu ya risasi. Damu? Hapana. Matusi? Hapana. Silaha? Hapana. Uchi? Magari matupu, hapana. Kila mstari hapana, hadi pale chini palipoandikwa "Maoni mengine", mahali ambapo ofisi nzima hakuna aliyewahi kupaandika kitu. Pale kalamu ikasimama.

"Kuna kitu, Mama," akaniambia. "Sijui ni nini. Kila nikitaka kuacha, najikuta sijaacha."

"Uvivu huo."

"Mimi nasoma, najua pa kubonyeza, na bado nakawia. Je, mtoto ambaye hajui kusoma?" Akanitazama muda mrefu, kama anavyolitazama chungwa. "Mama, kesho hebu kaa na mimi. Kesho utakuwa na miaka minne."

"Nina wajukuu saba."

"Kesho una miaka minne."

"Basi unibebe mgongoni kunipeleka kuoga."

Jumapili baada ya chakula cha mchana akanikalisha kwenye kochi, mbele ya runinga, akanitilia mikononi kile kidude cha kuendeshea wanachokiita pedi. Yeye akavuta kiti cha mbao hadi ukutani, akafungua daftari lake na kuweka saa ya mezani mapajani.

"Sikiliza sheria. Mimi ni ukuta. Usiniulize kitu, sitakujibu. Wewe cheza mpaka uishe."

"Mpaka niishe mimi au uishe mchezo?"

"Mchezo, Mama. Ukiisha tu, basi."

Lishike neno hilo. Kila mzazi analo mdomoni: ukiisha huo uje ule, ukiisha huo ukaoge, ukiisha tu, zima. Tunalitoa kama tunavyotoa pumzi.

Gari langu lilikuwa la buluu, duara kama yai, lina macho mawili mbele yanayopepesa. Kando yangu manne mengine yananguruma. Taa ikawa kijani, wenzangu wakafyatuka, mimi nikabaki nawasindikiza kwa macho, maana nilifundishwa kwamba mgeni hatangulii. Kisha nikabonyeza, nikaenda.

Ile ilikuwa barabara, wajukuu zangu. Nyeupe, laini, inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Jua limekaa pale linapokaa saa kumi na moja jioni, shubiri moja juu ya mlima, na halishuki. Mashamba ya njano pande zote mbili, na upepo unayalaza upande huu, kisha unayalaza upande ule, kama kiganja kinachopita juu ya mahameli. Wenzangu wako mbele wanagombania ushindi wao. Mimi nikaona pengo kwenye uzio. Nikapita.

Nje ya uzio hakuna mashindano. Nikaendesha juu ya nyasi, nyasi zikafunguka na kufunga nyuma yangu bila alama. Nikavuka mto juu kwa juu, gari halikulowa. Nikaukuta mti mmoja, mbele kidogo nikaukuta tena uleule, na baadaye tena, mpaka nikawa nausalimia. Ndege mweupe alikuwa anazunguka palepale, duara lilelile, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Nikafika kwenye nyumba ndogo yenye dirisha linalowaka. Sikuona mtu, ila nilijua kwa hakika kabisa kwamba ndani kuna mwanamke anakunja nguo zilizokauka. Nikapunguza mwendo nisimshtue.

Ikapulizwa filimbi. Mkono usioonekana ukaniinua mimi na gari langu, ukatuweka tena barabarani kama unavyomrudisha kifaranga kapuni.

Nikamaliza mbio wa tano kati ya watano. Hawakunicheka hata kidogo. Karatasi za rangi zikanyesha, muziki ukalia, gari langu likarukaruka kwa furaha. Katikati ya kioo pakatokea duara la kijani linalodunda kama moyo wa kifaranga. Pembeni kulikuwa na vijimaandishi vyeupe. Kwangu mimi maandishi ni sisimizi: naona wana safari, sijui wanakwenda wapi. Nikabonyeza duara.

Taa, moshi, barabara. Upya.

"Haya," nikasema mwisho wa mbio za pili, "umeisha?"

Ukuta ukakohoa, ukaandika.

Safari hii palikuwa na duara la kijani na mraba mwekundu. Nikajisemea, kijani ni kwenda, nyekundu ni kukoma, hilo hata mbuzi analijua. Nikabonyeza nyekundu. Nikapewa gari la zambarau. Taa, moshi, barabara.

Sijui nikuelezeje yaliyofuata. Mbio ziliendelea na mimi nikawa ndani yake kama mtu aliye ndani ya usingizi wa mchana, anasikia sufuria zinagongana jikoni lakini hawezi kuitika. Mara niko kwenye mashamba, mara niko kwenye kochi letu lenye shimo, mara niko na umri wa miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya lori, napelekwa kwa mume, na vumbi linageuka dhahabu. Jua halikushuka. Hilo ndilo lililoniponza. Mwili wangu umezoea kuambiwa na jua: sasa anua nguo, sasa washa moto, sasa kaa. Mle ndani jua lilikuwa linaniambia bado, bado. La kwetu, la dirishani, lilikuwa limehama kutoka kabatini hadi mlangoni, na sikuliona.

Pale mbio zilipokuwa zimefika ishirini na ngapi sijui, nikahisi haja ndogo. Nikainuka nusu. Duara likadunda. Magari manne yalikuwa yamejipanga, macho yanapepesa, yananingoja mimi mzee wa watu. Nikaona haya kuyaacha. Nikakaa tena, nikakunja miguu.

"Mwanangu," nikasema bila kugeuza shingo, "haya magari kwao hayarudi?"

Nikasikia kalamu. Nikamaliza mbio nyingine, na nyingine, huku nimebana magoti kama mtu anayebeba yai. Mwishowe mikono miwili ikaja kwa nyuma, ikanitoa pedi taratibu, ikanishika kwapani na kuniinua. Runinga ilikuwa inaendelea kudunda. Saa ya mezani ilisema kumi na moja kasoro dakika tano, na tulikuwa tumeanza saa nane.

Niliporudi kutoka msalani nilimkuta Bi Muhuri amepiga magoti mbele ya runinga, kidole juu ya kioo, pembeni kabisa kulia. "Hapa," akasema. "Neno lenyewe hili hapa. 'Toka'. Dogo kama punje ya ulezi. Hakuna picha, hakuna rangi. Ndio mlango pekee, Mama, na umefungwa kwa herufi."

"Na wewe ulikaa unaniangalia saa tatu?"

"Nilikuwa ukuta."

"Ukuta una adabu zaidi."

Jumatatu asubuhi akaamka kabla yangu, akaniwekea gauni la kijani kitandani. Nikamuuliza tunakwenda mazishini? Akasema tunakwenda ofisini, kwa sababu Mkuu anataka ushahidi, na ushahidi ndio mimi. Nikaona kabisa jinsi roho ilivyomshuka alipolitamka hilo. Mkuu ni mtoto wa mtaa wetu wa zamani. Amekua akisikia hadithi zangu, na mimi, sitaficha, kweli yangu huwa naivisha nguo kabla sijaitoa nje. Binti yangu alikuwa na kitu kimoja cha kumwokoa na stoo, na kitu hicho kilikuwa ni neno la mwongo maarufu.

Ofisini kuna meza nne na runinga nne. Mwenzake anayekagua filamu za kutisha alikuwa anafuma sweta, watu wanaliwa na mazimwi mbele yake, yeye anahesabu mishono. Mkuu akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa."

"Ni cheo, mama." Akavuta fomu, akaisoma, akafika kwenye lile daftari. Akasoma kwa sauti: "'Saa kumi na dakika kumi: mchezaji amebana haja. Anaendelea.'" Akamtazama binti yangu. "Mchezaji ni nani?"

"Mama."

"Mama huyu?"

"Ndiye."

Akaketi ukingoni mwa meza. "Mama, si wewe uliyetusimulia kwamba uliendesha baiskeli kwa kasi hadi kivuli chako kikabaki nyuma?"

"Kikalia njiani. Nilirudi kukichukua kesho yake."

Yule wa sweta akacheka hadi akapoteza hesabu. Mkuu hakucheka. "Dada, nifanyeje? Niwaandikie watu wa kampuni kwamba mchezo wao nimeukwamisha kwa neno la bibi aliyepoteza kivuli? Na hata kama kakwama, si angezima tu umeme?"

"Baba," nikasema, "unataka mtoto wa miaka minne ashike waya?"

Akapuliza chai yake. Lakini akasema, "Muhuri wa Wote, dada. Au funguo za stoo ziko pale."

Nilitaka kusema. Niliapa moyoni kwamba leo sitaongeza hata punje. Halafu nikaona kwamba kweli, ikitoka kinywani mwangu, haina tofauti na ile nyingine. Zote zimevaa nguo zilezile. Hiyo ilinichoma, sitadanganya. Nikafunga mdomo.

Binti yangu alienda kwenye runinga yake, akakaa akibonyezabonyeza, mgongo kwetu, taratibu kama mtu anayepanga vyombo. Kisha akageuka na pedi. "Mkuu, naomba ucheze wewe. Ukiisha, napiga Wote mbele yako na sitasema neno tena."

"Mbio moja ni dakika tatu."

"Basi ni dakika tatu."

Mkuu akaweka kikombe, akakalia kiti chake. Taa ikawa kijani, akafyatuka, akawa wa kwanza. Karatasi zikanyesha. Duara likadunda. Akainama kusoma pembeni, na hapo akakunja uso. Alikuwa amebadilishiwa lugha. Maandishi yalikuwa vijiti na vitone vya nchi za mbali, ambavyo ofisi nzima hakuna avijuaye.

"Hii imeandikwa nini?"

"Mimi ni ukuta, Mkuu."

"Dada."

"Ukuta."

Akabonyeza kijani. Taa, moshi, barabara. Akabonyeza nyekundu. Gari la zambarau. Akajaribu vitufe vyote vya pedi, na kila kimoja kilimfungulia msitu mwingine wa vijiti, na katikati ya kila msitu duara la kijani linamngoja kwa upole. Mwanzoni alikuwa anasonya. Baada ya robo saa aliacha kusonya. Simu yake ikaita mezani, akaitazama, ikanyamaza. Chai ikashika utando. Alikuwa ameona pengo kwenye uzio, na nikaona mabega yake yanashuka, na najua alikuwa anauona mto na ule mti, na ndege wangu. Akavua viatu bila kujua anavivua. Yule wa sweta akamaliza mkono mzima wa kushoto.

Zilipita dakika arobaini na mbili. Halafu Mkuu akasema polepole, macho hayajatoka kwenye kioo, "Mama, wewe ulitokaje humu?"

"Sikutoka, baba," nikasema. "Niliinuliwa."

Binti yangu akanyoosha mkono na kuichukua ile pedi. Mkuu akabaki na mikono iliyopinda hewani, kama amemwachia mtu mtoto mchanga. Akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili chini ya meza kwa muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.

"Andika," akasema akiwa hukohuko chini.

Binti yangu akaandika pale kwenye "Maoni mengine", na mjukuu amenisomea mara nyingi hadi nimeyashika: "Asiyejua kusoma haoni pa kutokea. Mtoto akiambiwa acheze mpaka uishe, hautaisha. Atakayempa mtoto mdogo mchezo huu akae naye, na muda ukifika amwinue." Kisha akashusha muhuri wa Saba kutoka kwenye kigingi, akaupuliza kwanza, akaubonyeza kwa uzito wake wote. Mkuu akatia sahihi chini bila kuketi, akaondoka na chai yake ya baridi.

Miezi minne baadaye mchezo ukarudi. Waliotengeneza walikuwa wameukarabati, na barua yao safari hii ilikuwa nusu ukurasa: wanaomba muhuri wa Wote. Jumapili, baada ya chakula, Bi Muhuri akanikalisha kwenye kochi. Akavuta kiti, akafungua daftari.

"Miaka minne, Mama."

"Safari hii nahisi mitatu na nusu."

Jua lilikuwa palepale, shubiri moja juu ya mlima. Mashamba yalilala upande huu, yakalala upande ule. Nilimaliza mbio wa tano, karatasi zikanyesha, duara likadunda, na pembeni yake, kubwa kama duara lenyewe, palikuwa na picha ya mlango mweupe ulioachwa wazi kidogo. Niliuona papo hapo. Magari manne yalikuwa yananipepesea macho. Nilikuwa bado sijafika kwenye ile nyumba, na dirisha lake lilikuwa linawaka, nililiona kwa mbali. Ningeweza kusema sijauona huo mlango. Nani angejua? Nimekwisha sema makubwa kuliko hayo na yakaaminiwa.

Nyuma yangu kalamu ilikuwa imesimama juu ya daftari.

Nikaubonyeza mlango. Kioo kikawa cheusi, nikajiona mle ndani, mzee mwenye pedi. Sikutaka, lakini nilikuwa kazini.